Utani wa namna hii Arusha tuukatae

Mhariri,

Aprili 7 kwetu ni Siku ya Karume, shule na ofisi zimefungwa. Tarehe hiyohiyo dunia huwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994. Ukiacha mabalozi na watu wa mahakama, wengi wetu Arusha siku hiyo haitugusi kabisa, ingawa kesi zenyewe zilisikilizwa hapahapa mjini, kwenye jumba la mikutano la AICC, hadi mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda ilipofungwa mwishoni mwa 2015.

Ni humo ambamo Septemba 2, 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Lakini mimi nataka tuikumbuke zaidi kesi ya wanahabari. Desemba 2003 walitiwa hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, ila haikumwachia huru yeyote.

RTLM haikuanza na mapanga. Ilianza 1993 na muziki mzuri na vichekesho, ikapendwa kweli. Humo humo kwenye vichekesho Watutsi wakawa mende. Mauaji yalipopamba moto, watangazaji walikuwa wakisoma majina ya watu na mahali walipojificha.

Sasa njoo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu. Bodaboda iliibwa, na kabla hata polisi hawajafika mtu akaandika kwamba kabila fulani ni kunguni na dawa yao inajulikana. Vikafuata vikatuni vya kucheka, mstari mzima. Mama mmoja alipohoji akajibiwa: "Punguza hasira mama, utani tu huo."

Utani naujua. Mimi ni Mpare niliyeolewa Machame. Nimetaniwa ubahili tangu siku ya mahari na nimewajibu mashemeji zangu ipasavyo. Mtani anakutania usoni, nawe unamrudishia, na ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kufika. Anayewaita kunguni watu wasiokuwepo kujibu, huyo ni mtani wa nani?

Ombi langu kwa walimu wa sekondari: nyaraka za kesi hizo zimehifadhiwa Lakilaki, si mbali. Aprili 7 ni sikukuu, basi ombeni nafasi siku nyingine ya wiki ileile, muwapeleke wanafunzi, na somo liwe kesi ya redio. Wanaoshika simu kutwa nzima ni hao.

Na wasimamizi wa makundi, ujumbe kama ule futeni, na aliyeuandika mtoeni. Wa kwetu bado yumo. Jana katangaza mbuzi wa kuuza, na wateja kapata.

Mkazi wa Sakina,
Arusha