Barua kwa mwanangu: salama yenyewe ya huku Pune, India

Mwanangu,

Asalaam aleikum mama. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Baba'ako kalala, mdogo'ako kalala, mi nipo jikoni na simu, huku saa sita usiku imepita kwahiyo kwenu bado saa tatu na kitu, hii tofauti ya masaa mawili na nusu mpaka leo inanichanganya, hiyo nusu ya nini sasa. Umesema "mama kila nikikuuliza unasema tupo salama, salama gani hiyo haina habari". Nimecheka, halafu nikaona una haki. Basi leo nakuandikia salama yenyewe, ni ndefu, soma kidogokidogo ukiwa kwenye daladala.

Nianze na nyumba. Tulifika mwezi wa sita mvua ndo inaanza, na mvua ya huku ikianza mwezi wa sita inaaga wa tisa, mpaka viatu vya baba'ako vya ngozi viliota ukungu kabatini, vyeupeee kama vimepakwa unga. Wiki tatu tupo hotelini tunatafuta nyumba. Dalali anampigia mwenye nyumba, wanaongea weee, halafu anatugeukia anauliza, mnakula nyama? Mara ya kwanza baba'ako akajibu kwa furaha zote ndiyo, tunakula sana, kadhani tunakaribishwa chakula! Nyumba ikaondoka hapohapo. Kumbe ziko nyumba nyingi tu ambazo mwenyewe au majirani hawali nyama wala mayai na hawataki hata harufu ipande ngazi. Ya pili hatukuulizwa hata hiyo nyama. Mwenye nyumba alitufungulia, akatutazama, akasema samahani imeshachukuliwa, na tangazo lake likakaa mtandaoni mwezi mzima nalitazama kila siku kama mtu anayetonesha kidonda. Hiyo sikukwambia. Nilikwambia tu "tumepata nyumba nzuri alhamdulillah", na kweli tulipata, ila ya nne.

Hii ya nne ipo Kondhwa, mtaa wa hapahapa Pune, waislamu wengi, adhana naisikia, bucha lipo chini. Nyama yake ni mbuzi na kuku tu, ng'ombe kwenye jimbo hili la Maharashtra hachinjwi, ni sheria. Siku ya mapatano wanaume wanaongea Kihindi na Kiingereza kimechanganyika, mi nimekaa pembeni sielewi kitu, mara nasikia dalali anasema "ek lakh". Nikashtuka, laki! Nimeelewa! Nikamnong'oneza baba'ako, laki moja tu ya dhamana, lipa upesi kabla hajabadilisha mawazo. Akanitazama akasema mama fulani, laki ya rupia. Nikapiga hesabu kichwani, inakuja kama milioni tatu za kwetu, nikanyamaza. Na mkataba wenyewe miezi kumi na moja, ukiisha mnaanza upya na kodi inapanda.

Sasa hii ndo nilikuwa naizungukazunguka. Viza yangu ni ya mke wa mfanyakazi, hairuhusu kufanya kazi. Nilijua tangu Dar lakini kujua na kukaa nayo ni vitu viwili. Mimi mtu wa kufunga kibanda changu saa kumi na mbili jioni, nahesabu hela zangu za kushona, nanunua samaki wangu narudi nyumbani, leo namwomba baba'ako nauli ya bajaji! Hajawahi kuninyima wala kuniuliza za nini, hapana, ila kule kusubiri mpaka akumbuke ndo kunaniuma. Na huku pesa taslimu imekuwa kama kitu cha kizamani, mpaka muuza nyanya wa mkokoteni ana ile karatasi ya kuskani na kisanduku kinachotangaza kwa sauti rupia ngapi zimeingia. Mi akaunti ya benki nilikaa miezi bila, nasimama na noti ya mia tano, mama wa watu hana chenji, foleni inanitazama. Mwisho akawa ananiambia leta kesho. Kesho nikileta ananitilia na pilipili mbichi na majani ya giligilani vya bure, nikadhani kanionea huruma, kumbe huku ndo desturi, kila mnunuzi anapewa.

Karatasi nazo zilitutesa. Mgeni mwenye viza ndefu inabidi ajiandikishe ndani ya siku 14 tangu afike, unajaza mtandaoni unapandisha picha, hati ya nyumba, barua ya kazini. Zetu zilirudishwa mara mbili, mara picha kubwa, mara karatasi ya mwenye nyumba haijakamilika. Na bila hizo karatasi gesi hupati. Tulipikia jiko la umeme wiki kadhaa, mpaka mtungi wenyewe ulipokuja, mwekundu, kilo 14.2 (nani alikaa akaamua hiyo pointi mbili sijui), kijana kaupandisha begani ngazi nne, kafika mlangoni ananiambia namba. Namba gani? Kumbe inatumwa kwenye simu, na simu iliyoandikishwa ni ya baba'ako ambaye yupo ofisini Hadapsar kwenye kikao hapokei. Kijana akasubiri kidogo, akatikisa kichwa, akaubeba mtungi akashuka nao. Nilikaa pale kwenye ngazi nikalia mwanangu. Kwa ajili ya gesi! Usimwambie bibi'ako.

Ile miezi miwili ya mwanzo sikuwa natoka. Sababu nyingine ni macho ya watu. Wanatazama, tena hawaoni haya, mtu anageuza shingo mpaka pikipiki inataka kumwangusha. Wengine wanataka picha, mama mmoja sokoni alinishika nywele zilizochungulia kwenye mtandio akauliza kama ni za kweli. Najua unalikumbuka lile la Bengaluru, mji mwingine wa huku India, mwaka 2016, yule binti wa kwetu mwanafunzi aliyeshambuliwa na kundi la watu barabarani, na najua ndo maana hujaniuliza moja kwa moja kuhusu kuja likizo. Siwezi kukwambia mambo hayo hayapo. Yapo. Mimi nimenyimwa nyumba, nimeshaitwa majina na watoto wa mtaa wa nyuma, na mdogo'ako alirudi siku moja kanuna akanambia mama mi naitwa Nigeria darasani. Nikamuuliza we unajibuje, akasema nawaambia kutoka hapa Nigeria ni mbali kuliko kwetu! Nikafungua ramani ya simu tukapima, ni kweli bwana.

Huyo mdogo'ako achana naye, keshahamia. Kihindi anabishana nacho na wenye bajaji kwenye bei, Kimarathi, lugha ya jimbo hili, ni lazima shuleni na anakiandika. Shida ilikuwa chakula. Wiki ya kwanza nilimfungia samaki changu wa kukaanga na wali, nikajiona mama bora wa mwaka, mchana napigiwa simu, shuleni vyakula ni vya mboga tu na watoto wawili wamegoma kula wamekaa mbali na harufu. Saivi anabeba chapati na viazi. Anasema "mama chapati zako nene", za huku ni nyembamba hazina mafuta, nikamwambia hizo ndo zilivuka bahari zikanenepa.

Sasa nikupe ile niliyotaka kukupa tangu mwanzo.

Mwezi wa nane nilikuwa na hamu ya mbaazi za nazi, hamu ile ya mtu mgonjwa. Nikaenda dukani (dukani huku "dukaan", wala hupotei), nikawa nachungulia magunia ya dengu, za njano, nyekundu, za kijani, nyeusi. Kuna moja ya njano imepasuliwa nusunusu, haina ganda, nikaokota punje nikatafuna. Mwanangu, mbaazi! Ile inayoitwa tur, inayopikwa karibu kila nyumba huku kila siku ya Mungu, ni mbaazi yetu imevuliwa ganda. Nikasimama pale na punje mdomoni nikamkumbuka babu'ako. Unakumbuka 2017? Ulikuwa mdogo lakini magunia uliyaona, yamepangwa chumba cha uani Lindi mpaka juu, na wanunuzi hawaji. Babu anasema India wamefunga, India wamefunga, na sisi tunamwona mzee kachanganyikiwa, India na shamba lake wapi na wapi. Kumbe serikali ya huku mwaka ule iliweka kikomo cha mbaazi za kutoka nje maana wakulima wao walivuna sana, na bei kwetu ikaanguka chini kabisa. Mwaka ule ndo ulichelewa kuanza boding, nadhani hukuwahi kujua kwanini. Ni punje hiyo.

Nikanunua kilo. Nikaazima presha kuka kwa mama wa ghorofa ya tatu, tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Nikaweka mbaazi, maji, nikasubiri kama navyosubiri mbaazi za kwetu, maana wewe unazijua, unachemsha mpaka mkaa unaisha. Ile sufuria ikaanza kupiga filimbi. Moja, mbili, tano, nane, mi naona raha, inafanya kazi. Mara mlango unagongwa, yule mama kaja mbio na kanga ya, namaanisha na sari yake kaipandisha mkononi, ananionyesha vidole vitatu, teen siti! teen siti! Yani filimbi tatu. Huku mapishi hayahesabiwi kwa dakika, ni kwa filimbi. Tukazima, tukafungua, ndani uji. Uji wa njano, punje hata moja haijasalia.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Akachukua ule uji, akakaanga bizari nzima na majani yale ya mchuzi kwenye samli, akamimina juu, tssss, tukala na wali. Yeye kwao Konkan, pwani, wanakula samaki na nazi kama sisi, ugwadu wanatia tunda linaitwa kokum badala ya ukwaju. Wiki iliyofuata akanipeleka Tulshibaug, soko la vyombo mjini, nikamwonyesha kwa mikono jinsi ya kukuna nazi, akanipeleka duka moja akaninunulia kitu kinaitwa vili, kisu kimesimama kwenye kibao na kwenye ncha kina meno, unakaa chini unakuna. Mbuzi mwanangu! Hana miguu tu. Mbaazi nzimanzima akanitafutia, nikapika za nazi kama za kwetu, akaonja akasema hii ni usal, sisi pia tunayo. Nikaudhika kidogo, nilitaka iwe yangu.

Tangu hapo natoka. Kila Jumatano yeye na wenzie wawili wanakuja, mi nawafundisha kukata na kushona gauni la Kiswahili, wao wananilipa kwa Kihindi, maneno kumi kwa siku, hiyo viza haiwezi kunikataza. Na maneno mengine nayajua tayari, kitabu, kalamu, sabuni, dunia, hesabu, meza, nikiyasema wanapiga makofi kama mtoto katembea. Chini ya jengo kuna kaka anapiga pasi za watu mtaa mzima kwenye mkokoteni, pasi ya mkaa, ya mkaa kabisa ile ya bibi'ako yenye jogoo, ila yake haina jogoo. Harufu yake asubuhi ikipanda dirishani nasahau nipo wapi.

Basi hiyo ndo salama yetu. Likizo uje, au usije, sikulazimishi, ila uamue ukiwa unajua. Ukija lete kanga doti nne (mbili za mama wa ghorofa ya tatu, chagua zenye jina zuri ntamtafsiria), mkasi wangu mkubwa ulio kwenye droo ya cherehani, na ubuyu wa mdogo'ako. Dagaa USILETE, nakuapia tutahamishwa. Mwezi wa kumi na mbili ndo mzuri, mvua hamna, asubuhi kuna baridi ya sweta. Baba'ako atakupokea Mumbai, ni mwendo wa saa tatu nne kwa gari mpaka huku, atataka aje moja kwa moja kwa sababu unamjua na foleni. Mwambie mama kasema asimame Lonavala, mji wa njiani. Wanauza kashata za karanga na sukari guru, wao wanaita chikki, nunua boksi mbili, moja mle njiani na moja ifike hapa haijafunguliwa, nitaikagua.

Mama'ako