Hitima ya bibi ipikwe nyumbani

Palermo, Italia, 16 Desemba

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Baada ya salamu, mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Baridi imeingia, mgongo unasumbua kidogo, karatasi zangu bado zinashughulikiwa. Hayo tuyaache. Naandika kwa sababu ya ule ujumbe wa Mjomba.

Hela ya hitima nitatuma, hilo halina mjadala. Lakini eti mwaka huu mnakodi wapishi? Chakula kije kwenye vikasha vya foili, kila mtu abebe chake aende zake? Hitima ya bibi, aliyelisha nusu ya Makorora kwa mikono yake! Halafu Zuhura anaandika kwenye kundi la familia kwamba mimi nisiseme kitu, nimeshakuwa wa huko, hata kushika mwiko nimesahau. Dada, neno hilo limenikaa kooni. Msomee haya.

Tarehe 13 ilikuwa siku ya Santa Lucia. Siku hiyo Palermo hawagusi mkate wala tambi. Wazee wanasimulia kwamba mwaka 1646 njaa ilikuwa kali, watu wakamwomba mtakatifu wao, ikaingia meli bandarini imejaa ngano. Hawakuwa na subira ya kusaga, wakaichemsha nzima nzima. Mpaka leo inapikwa hivyo, wanaiita cuccìa. Inalowekwa siku tatu na maji yanabadilishwa, kisha inakaa jikoni masaa hadi punje zipasuke. Ikipoa inachanganywa na rikota, ile jibini laini ya maziwa ya kondoo, pamoja na sukari, vipande vya chokoleti na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwenye sukari. Signora, mama mzee wa nyumba nilipo, mikono inamtetemeka siku hizi. Mabinti zake walikuwepo, na wakwe, lakini sufuria alinikabidhi mimi, mbele yao wote. Kisha nikazunguka ngazi nzima kugawa vibakuli kwa majirani, maana desturi ni kugawana na punje isitupwe. Yule mama wa ghorofa ya pili, ambaye hasifu kitu cha mtu, alirudisha bakuli tupu akaomba jingine.

Na sikuishia hapo. Ngano nilibakisha, kesho yake nikawapikia bokoboko. Nyama nilinunua kwa Mtunisia mwenye bucha pale sokoni Ballarò, nikatia mdalasini, nikaiponda kwa mwiko hadi ikavutika kama ya bibi, juu samli na vitunguu vya kukaanga. Signora alikula kimya hadi mwisho, kisha akataka kujua nani alinifundisha. Nikamtajia bibi kwa jina lake kamili. Ngano ni ileile, dada, wao wanaitia sukari, sisi nyama. Hawa walitawaliwa na Waarabu tangu mwaka 831 hadi Wanormani walipouteka mji mwaka 1072, na jikoni kwao unaona: zabibu kwenye samaki, lozi kila mahali, ndimu na machungwa hadi barabarani. Wala msiwe na wasiwasi, cannoli, vile vitamu vyao vya kukaanga vinavyojazwa rikota, maganda yake hutiwa mafuta ya nguruwe na mvinyo, ila Signora ananikandia unga wangu peke yake.

Tena mji huu miongoni mwa watakatifu wanaoulinda yumo mpishi mweusi! Benedetto, alizaliwa 1526 huko San Fratello, wazazi wake watumwa kutoka Afrika. Alipika kwenye monasteri ya Santa Maria di Gesù, wakamfanya mkuu wa nyumba ingawa hakujua kusoma, baadaye akarudi jikoni kwake. Signora alinipeleka huko mwenyewe, anamtaja kwa fahari utadhani mjomba wake.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni siku yao ya marehemu, tarehe 2 Novemba. Watoto wanaambiwa kwamba usiku ule wazee wao waliokufa wanakuja kuwaletea zawadi. Kikwaruzio cha jibini kinafichwa, kwa sababu mtoto mtundu marehemu humkwaruza nyayo. Asubuhi wanasaka chini ya vitanda na nyuma ya makabati, wanakuta kikapu cha tini kavu, karanga, wanasesere wa sukari na matunda ya martorana, ambayo ni lozi na sukari iliyokandwa kwenye kalibu na kupakwa rangi hadi unadhani ni pichi ya kweli. Pichi mwaka huu nilipaka mimi, kwa brashi ndogo, shavu moja jekundu. Kitukuu cha Signora ana miaka sita, akainua yake juu: hii kaniletea babu Totò. Huyo Totò amekufa kabla mama wa mtoto hajazaliwa! Sasa niambie, watoto wa Zuhura wanajua nini kuhusu bibi yetu? Watamjulia kwenye kikasha cha foili?

Nililia usiku ule, sikufichi. Nilitamani uani kwetu, moshi wa kuni, na mama mdogo akigomba kwamba mchele haujachambuliwa vizuri.

Basi hela naituma kwako, si kwa Mjomba, na umwambie nimesema hivyo kwa heshima zote. Nunua mbuzi wawili, mchele, ngano ya bokoboko. Mlete mama mdogo kutoka Pangani mapema, nauli yake imo humo, kwa sababu vipimo vya bibi anavijua yeye tu. Ngano wachambue watoto, na Zuhura asimamie sufuria la pilau. Turubai na viti kodini, hayo sina neno. Lazima yaishe kabla ya Ramadhani.

Na mama mdogo akipima bizari, kaa karibu yake uandike, kijiko kwa kijiko, unitumie. Signora ameomba pilau siku ya Pasaka.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi