Rasimu ya kwanza ya video: maoni hadi Alhamisi

Habari za jioni, wapendwa. Rasimu ya video yetu iko tayari, dakika 12. Kiungo nimekibandika juu kabisa kwenye kikundi. Ni nakala nyepesi ya 720p, haitamaliza bando.

1. Maoni yote yaanze na dakika na sekunde, mfano 03:15. Mkiandika "pale katikati" nitatafuta sana.
2. Rangi tuziache kwanza, tuangalie mtiririko na sauti. Mkato (mpangilio wa vipande vya video) ukibadilika, kazi ya rangi hurudiwa, na hiyo inachosha kweli.
3. Mtu wa sauti: folda ya mradi ina klipu zote. Usibadilishe majina ya faili, programu ya kuhariri itashindwa kuzipata.

Mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Tafadhali jibuni "Nimepata" leo hii. Asanteni sana.