Treni hiyo si ya Duke

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia, hata ule mwaka mlipokosea siku ya Idi. Lakini ile makala yenu ya swingi, ule muziki wa jazi wa kuchezea dansi, yenye picha kubwa ya Duke Ellington, kiongozi wa bendi wa Marekani, na maneno chini yake kwamba ndiye mtunzi wa "Take the 'A' Train", imenikwama kooni.

Wimbo ule ni wa Billy Strayhorn, mtunzi aliyefanya kazi na Duke, aliutunga 1939. Na ulipata kuwa wimbo wa utambulisho wa bendi ya Duke kwa sababu haukuwa wa Duke! Mwanzoni mwa 1941 chama cha watunzi cha Marekani, ASCAP, kiligombana na vituo vya redio juu ya malipo, na nyimbo za wanachama wake zikakosa kusikika hewani. Duke alikuwa mwanachama, akajikuta hawezi kupiga nyimbo zake mwenyewe redioni. Strayhorn hakuwamo chamani, kwa hiyo wimbo wake uliweza kupigwa. Februari hiyohiyo wakaurekodi. Leo ninyi mnauchukua mnampa Duke! Na wimbo wa "Caravan" mmempa peke yake, wakati ile ladha ya jangwani ni ya Juan Tizol, mpiga tromboni wa bendi yake kutoka Puerto Rico. Duke sina ugomvi naye, anazo zake za kutosha.

Mtasema ni jambo dogo. Mimi nimepuliza tarumbeta miaka kumi na minane kwenye bendi ya dansi. Kuna wimbo niliutunga nimekalia kreti la soda nyuma ya jukwaa, nikaushika kwa mdomo maana karatasi hapakuwa. Kiongozi akaenda nao studio, santuri ikatoka na jina lake. Nilipouliza akanijibu, "Bendi ni moja, bwana." Juzi umepigwa kwenye harusi ya mpwa wangu, ukumbi mzima ukainuka, na MC akamwombea marehemu kiongozi kwa "utunzi wake". Mimi nina sahani ya pilau mkononi. Nikatafuna nyama.

Halafu hawa watangazaji wa redio: saksafoni ikianza tu kupanda, wanaikata wasome salamu za wasikilizaji!

Sahihisheni. Jina la Strayhorn liwekwe ukurasa uleule, kwa herufi nene kama mlizompa Duke, si kule chini karibu na matangazo ya viwanja. Nafasi ikiwa finyu, ile picha ikateni mabegani.

Mpiga tarumbeta mstaafu,
Tanga