Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu: Makubaliano ya kutengana yapewe nambari ya mahakama

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Karatasi nyingi za wanandoa wanaotengana upande huu wa Kenya huandikwa katika ofisi ya chifu, kwenye ukurasa uliochanwa daftarini, na muhuri hupigwa chini. Mume na mke hutia sahihi, wazee wawili hushuhudia, na kila mmoja huondoka akiamini mambo yamekwisha. Chifu huwa na nia njema. Lakini mwezi ambao pesa za watoto hazifiki, mama huipeleka karatasi ile kituo cha polisi akaambiwa hilo si kosa la jinai, kisha masijala ya mahakama akaambiwa afungue kesi upya. Karatasi ni mkataba tu, haina nguvu ya amri.

Sisi ni wasaidizi wa kisheria na wasuluhishi wa Kisumu, Kakamega na Nakuru. Tunakuomba jambo moja: wanandoa waliokwisha kukubaliana kuishi mbalimbali wapate njia fupi ya kuyasajili makubaliano yao mahakamani, yapewe nambari na nguvu ya amri, bila kulazimika kwanza kushtakiana talaka.

Sheria haijafunga mlango huo. Kifungu cha 59D cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinaruhusu makubaliano yaliyofikiwa kwa msaada wa msuluhishi aliyehitimu yaandikwe, yasajiliwe na kutekelezwa na mahakama. Ibara ya 159 ya Katiba inawataka majaji na mahakimu wakuze usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Kinachokosekana ni fomu, karani anayeijua fomu hiyo, na ada ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Tukianza na fomu, jambo la kwanza liwe tarehe. Makaratasi ya kienyeji huandika "tangu mwaka jana" au "baada ya mavuno". Kwa ndoa ya kiserikali, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinahesabu kutengana kwa miaka miwili, kwa hiari au kwa amri ya mahakama, kuwa ishara kwamba ndoa imevunjika kabisa. Asiye na siku, mwezi na mwaka hana pa kuanzia hesabu. Pale pale juu iandikwe aina ya ndoa, mahali ilipofungwa na nambari ya cheti. Wengi walioana kimila na hawakusajili, ingawa usajili wa ndoa za kimila umekuwa wajibu tangu Agosti 2017. Hao waambatanishe hati ya kiapo inayoeleza mahari yalitolewa lini, wapi, na mbele ya nani. Bila hivyo, mmoja anaweza kusimama mbele ya hakimu akakana kwamba kulikuwa na ndoa.

Sehemu ya watoto ndiyo inayovunjika kwanza, na huvunjika kwa sababu ya maneno mawili: "atasaidia watoto". Kusaidia si kiasi. Fomu itake jina la kila mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, kiasi cha matunzo kwa mwezi, siku ya mwisho ya kulipa, na nambari ya M-Pesa itakayopokea, ikiwa ya mzazi anayeishi na watoto na si ya shangazi wala nyanya. Karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Ikipitia mkononi, kila upande huja na hesabu yake. Nyongeza ya mwaka nayo iandikwe tangu mwanzo. Kwa mfano, 15,000 kwa mwezi ikiongezwa asilimia 5 inakuwa 15,750 mwaka wa pili, na hakuna haja ya kuitana tena. Likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka zigawanywe kwa tarehe, na mahali pa kukabidhiana watoto patajwe. Stendi ya matatu haifai, kwa kuwa hapo mtoto hushuhudia kila neno la hasira. Na hapo chini fomu iseme wazi kwamba mahakama inaweza kubadilisha sehemu hii wakati wowote kwa manufaa ya mtoto, na kwamba hakuna mzazi anayeweza kuiuza haki ya mtoto ya kutunzwa. Tumeona makubaliano ambayo mama anapewa ng'ombe wawili ili asidai matunzo tena. Ibara ya 53 ya Katiba haimruhusu mzazi kufanya biashara hiyo.

Mali inahitaji tahadhari kubwa zaidi. Watu huandika "tumegawana" wakadhani basi. Chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013, mgao hufuata mchango wa kila mmoja na hufanyika ndoa inapovunjwa. Kabla ya hapo, kifungu cha 17 kinamwezesha mwanandoa kuomba mahakama itangaze haki zake tu. Mahakama ya Juu nayo ilisema Januari 2023 kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe. Kwa hiyo katika kipindi cha kutengana fomu iulize nani anakaa katika nyumba, nani analipa, na ni kipi hakiuzwi bila sahihi ya mwenzake. Nambari ya hatimiliki iandikwe kamili. Kama shamba la kilimo linahamishwa, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu kukubaliana, la sivyo makubaliano hayo ni batili.

Huku kwetu kuna mambo mawili ambayo fomu iliyoandikwa Nairobi ingeyasahau. La kwanza ni miwa. Hukaa shambani mwaka na nusu hivi, na kiwanda humlipa mwenye akaunti iliyosajiliwa. Mke anaweza kupalilia misimu mitatu asione senti. Iandikwe ni sehemu gani ya kila mavuno inayokwenda kwake, na gharama zipi zinaondolewa kwanza. La pili ni mkopo wa Sacco. Mke aliyemdhamini mumewe anabaki mdhamini hata kama makubaliano yanasema deni ni la mume, kwa kuwa Sacco haikuwa upande katika mkataba huo. Lililo salama ni kutafuta mdhamini wa kumbadilisha kabla ya kutia sahihi.

Kuna pia suala la mazishi, ambalo wengi huona haya kulitaja. Waliotengana bado ni mume na mke: hawawezi kuoa wala kuolewa kwingine katika ndoa ya mke mmoja, na mmoja akifa mwenzake bado ana nafasi katika urithi. Mwili utazikwa wapi, kwa mume au kwao? Kesi ya 1987 ya S.M. Otieno, wakili ambaye mjane wake na ukoo wake waligombea mahali pa kumzika, ilionyesha nchi nzima jinsi swali hilo linavyoweza kuchukua miezi. Matakwa yaliyoandikwa hayamfungi hakimu, lakini yakiwepo huwa ni ushahidi wa kile ambacho wawili hao walitaka.

Sahihi ziwekwe katika kila ukurasa. Mashahidi watoke pande zote mbili, na kila mmoja wa wanandoa athibitishe kwamba alipata ushauri wake peke yake. Palipo na vitisho au mali iliyofichwa, makubaliano hutupwa nje. Palipo na kipigo, njia hii isitumike kabisa. Aliyepigwa apelekwe kuomba amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani.

Tunaomba fomu hiyo iwekwe kama kiambatisho katika kanuni za mashauri ya ndoa za 2020, kwa Kiswahili, na ipatikane bure. Kila mahakama itenge siku moja kwa wiki ambapo msuluhishi aliyesajiliwa atayapitia makubaliano na wahusika wote wawili, afisa wa watoto aisome sehemu ya watoto, kisha yapelekwe kwa hakimu yapewe nambari. Kamati za Watumiaji wa Mahakama tayari huwakutanisha polisi, machifu na mahakimu. Huko ndiko machifu wataelezwa kwamba wakimaliza kuwasikiliza watu, wawape fomu badala ya kupiga muhuri.

Majaribio yanaweza kuanzia mahakama za Winam (Kisumu), Kakamega na Nakuru. Fomu tumeshaiandika kwa kurasa nne, na tuko tayari kuileta ofisini kwako siku utakayotuita.

Wako katika huduma ya haki,
Wasaidizi wa kisheria na wasuluhishi, Kisumu, Kakamega na Nakuru