Njoo Kabla ya Bamvua

Kikwajuni, Unguja

Sahibu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na mama na wadogo zako hapo Wete, Pemba. Sisi huku hatujambo, ila tumechoka, na uchovu huo ndio ulionichelewesha kukujibu kuhusu filamu yetu ya masomo, ile ya vijana wa genge, uliyoniuliza imefika wapi.

Imefika nusu, na nusu hiyo si ile uliyoisoma. Muswada niliokupelekea ulikuwa wa kurasa 22, na kwa ile hesabu ya kazi hii kwamba ukurasa mmoja huwa kama dakika moja, ungetupa filamu ya dakika ishirini na ushei, ndani yake mkiwa na mapigano manne ya mapanga. Sasa hakuna hata pigano moja linaloonekana. Wewe ndiye uliyekesha nami tukiyaandika, kwa hivyo sipendi uje uyakute yamefutwa bila ya kuelezwa sababu.

Tulipoanza, vichwani mwetu mlikuwa na Dar es Salaam. Unakumbuka habari za Panya Road, yale makundi ya vijana wa mapanga, zilivyotikisa watu mwanzoni mwa 2015, hata sisi wa visiwani tukawa tunaitwa ndani mapema kana kwamba makundi yale yangevuka bahari usiku huohuo. Basi tukaandika genge la namna ile, tukalipa lugha ya vijiwe vya Dar, kisha tukaliweka katika vichochoro vya Ng'ambo, hapa mjini Unguja, kama kwamba limeshuka na boti jana. Maalim wetu aliusoma muswada wote, akatuuliza swali moja tu kuhusu Kheri, kijana mkuu wa hadithi yetu: Kheri anakaa maskani gani, na asubuhi nani humwita jina lake? Hatukuwa na jibu. Akatwambia twende tukakae.

Tukaenda kukaa, wiki mbili, katika baraza moja si mbali na majumba ya Michenzani, bila ya kamera. Nilidhani nitasikia mipango ya wizi. Nilichokisikia ni kungoja: kungoja kibarua cha kupakua mizigo, kungoja zamu ya simu moja inayozunguka mikononi mwa watu sita, kungoja jua lishuke. Kijana mmoja alikuwa akisugua kisigino cha kandambili yake ukutani, taratibu, muda wa saa nzima, mpaka chokaa ikachubuka ikabaki alama. Nilipoinama kutazama niliona alama kama hizo zimepangana kwenye ukuta mzima, nyengine za zamani zimeshaingia weusi. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya filamu hivi sasa. Naamini kwa dhati kwamba kijana anayefuata genge huanza kwa kumfuata mtu aliyemwambia "twende", baada ya miezi mingi ya kutoambiwa hivyo na yeyote, na filamu isiyoonyesha miezi hiyo inamsingizia.

Marekebisho mengine yalikuwa mepesi. Kheri ana miaka 16, nasi tulimsimamisha mbele ya mahakama iliyojaa watu, ilhali kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto na kesi yake ni ya Mahakama ya Watoto. Onyesho lile tumelitoa. Kibali cha Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni tulikipata, na sheha wa mtaa tulimwendea mapema.

Sasa nikueleze la kichochoroni. Ilikuwa baada ya sala ya magharibi, tukipiga onyesho la vijana watatu wanaokimbia na mapanga. Mapanga yenyewe tuliyakata kwa plaiwudi tukayapaka rangi ya fedha, na kwa mwangaza ule hafifu yalikuwa mapanga kweli. Kamera tuliiweka juu ya paa, nasi wengine tumejificha nyuma ya ukuta ili tusionekane katika picha. Sheha alijua, lakini majirani wenyewe hawakujua, na kosa hilo ni langu, kwani mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba, nami nilipita nyumba tatu nikaona zinatosha. Bibi mmoja alifungua dirisha, akawaona, akapiga ukelele: "Wezi! Wezi!"

Sahibu, sikujua kwamba mtaa unaweza kujaa upesi namna ile. Watu walitoka na magongo, mmoja ameshika mchi wa kinu, mwengine tofali. Waigizaji wawili walikimbilia kwetu, lakini yule anayeigiza Kheri, ambaye kila alasiri hufundisha watoto Kurani chuoni na hajapata kumnyanyulia mtu sauti, alibaki katikati na miguu imemfa ganzi. Alilitupa panga, likaanguka juu ya zege, likavunjika vipande viwili kwa mlio mkavu wa ubao. Mlio ule ndio uliomwokoa. Mzee wa mbele aliinama akaokota kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa tochi, akaona tabaka za mbao pale palipovunjika, ndipo akanyanyua mkono kuwazuia wenziwe. Mimi wakati huo nilikuwa napiga kelele kwamba ni filamu, na hakuna aliyenisikia. Baadaye tulijua kwamba miongoni mwa walioshika magongo alikuwamo baba wa mmoja wa wanafunzi wake. Humwona kila siku mlangoni mwa chuo, na jioni ile hakumjua, kwa sababu ya kapelo na shati tulilomvalisha.

Kesho yake tulizunguka nyumba zote kuomba radhi. Bibi mwenyewe alitukaribisha ndani, akatupa chai, akalia kidogo. Mama yake mwigizaji wetu alikuja pia, nami nilijitayarisha kuambiwa kwamba mwanawe hatarudi. Ombi lake lilikuwa jengine kabisa: kofia ya mwanawe mwenyewe, ile ya kwendea chuoni, isiwemo ndani ya filamu hata mara moja. Tulikubali pale pale, na sharti hilo tumeliandika juu ya muswada.

Usiku ule sikulala, na ndipo nilipofuta mapigano. Mapigano makubwa ya mwisho sasa yanasikika tu. Kamera imo ndani ya chumba cha bibi, mtazamaji anasikia miguu ikikimbia, sauti, kisha kimya, na kinachoonekana ni mkono wa mwanamke mzee juu ya komeo la dirisha, usiojua kama ufungue au ufunge. Mkono huo ni wa bibi mwenyewe, ambaye alikubali kupigwa picha mkono tu, uso hapana. Mara ya kwanza picha ilituharibikia, ikawa na mistari ya kiza inayopanda na kushuka, maana kamera tuliyoazima ilikuwa imetegeshwa kila picha ichukue moja ya sehemu 60 ya sekunde chini ya taa ya tyubu, na umeme wetu ni wa hezi 50. Tulipoiweka kwenye moja ya sehemu 50, mistari ikaondoka. Bibi alirudia mara tisa bila ya kuchoka, na mara ya saba mkono ulitetemeka peke yake. Hiyo ndiyo tuliyoichukua.

Kilichobaki ni bahari, na hapo ndipo ninapokuhitaji. Onyesho la Kheri na rafiki yake wameketi ukingoni Malindi, hapa mjini, tulilipiga nusu siku ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, saa kumi na nusu alasiri, maji yamejaa yanawapiga miguuni. Mmoja akaugua homa, tukarudi baada ya siku sita, saa ile ile, nguo zile zile. Maji hayapo! Bahari imekupwa, madau yamelala ubavu juu ya tope, na vijana wetu wananing'iniza miguu hewani. Baharia mmoja aliyekuwa akitia kalafati alitutazama kwa huruma akauliza kwa nini hatukuutazama mwezi kabla ya kuja. Ni kweli, maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, na mtoto yeyote wa pwani analijua hilo, lakini sisi tulikuwa na ratiba ya saa za ukutani tu. Sasa tunangoja bamvua ya mwezi mwandamo, ambapo bahari itakuwa imerudi pale pale kwa saa ile ile.

Nakuomba uje siku tatu kabla yake. Mama yake Kheri anatoka Wete, na maneno niliyomwandikia ni Kiunguja kitupu. Nikiyasoma kwa sauti naona kabisa kwamba mama wa huko hawezi kumwambia hivyo mwanawe anayesafiri. Kaa na mama yako, msomee ukurasa wa kwanza, kisha andika atakavyosema yeye, hata kama atasema maneno mawili tu. Uje pia na ule mkoba wa ukili wa marehemu bibi yako, kama mama ataridhia, kwani ndio Kheri atakaoushika akishuka botini. Tutautunza, na usiku utalala kwangu, si stoo pamoja na vifaa.

Nisalimie wote nyumbani, na umwambie mama kwamba shati la Kheri ninalifua mwenyewe.

Ni mimi sahibu yako.