Nguo ile ya merikani ilifumwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu harakati za mageuzi ya jamii Marekani katika karne ya 19 nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mume wangu akisikiliza. Mwandishi kawaeleza vizuri waliopinga utumwa, waliopinga ulevi, na wale waliokutana Seneca Falls Julai 1848 kudai haki za wanawake. Ila wafanyakazi wa viwandani kawapa sentensi moja tu, nayo ina kosa. Anasema wasichana wa viwanda vya nguo vya mji wa Lowell waliliomba Bunge la jimbo lao, Massachusetts, mwaka 1845 siku ya kazi iwe saa 10, wakakubaliwa. Hawakukubaliwa.

Mimi nimefuma miaka 19 katika kiwanda kimoja cha nguo, jina naliacha. Ndiyo maana sentensi hiyo imenikaa kooni.

Wengi wa wasichana hao walikuwa mabinti wa wakulima wa New England, majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani. Walilala kwenye mabweni ya kampuni, chini ya mama mlezi, na saa 4 usiku mlango ulifungwa. Februari 1845 mmoja wao, Eliza Hemmingway, aliieleza kamati ya Bunge kwamba majira ya joto aliingia kazini saa 11 alfajiri na kutoka saa 1 jioni. Katikati alipata nusu saa ya chai na dakika 45 za chakula cha mchana. Chumba chake kilikuwa na watu wapatao 150. Msimu wa kuwasha taa, asubuhi na jioni ziliwaka taa ndogo 293 na kubwa 61. Taa za mafuta hizo, Ndugu Mhariri, na madirisha yamefungwa ili unyevu usitoke! Mfumaji yeyote atakwambia sababu: hewa ikikauka uzi hukatika, na uzi ukikatika mara nyingi, mshahara nao hukatwa. Sisi tulikuwa na taa za umeme na mapangaboi, na bado nilikuwa nikifika nyumbani nikiongea kwa kupiga kelele kama niko mbele ya mashine. Watoto walidhani nimekasirika.

Aliyekuwa mbele katika shughuli hiyo ni Sarah Bagley, mfumaji, mwenyekiti wa chama cha wanawake wafanyakazi wa Lowell. Maombi yalikuwa na sahihi zaidi ya 2,000 kutoka Lowell na miji mingine. Kamati iliwaambia kwamba kwa kuwa wengi wa walioomba ni wanawake, waje wajieleze wenyewe, la sivyo shauri litaachwa. Nadhani walitarajia wasije. Siku hizo mwanamke kusimama na kusema mbele ya wanaume ilihesabiwa ukosefu wa haya, na kura hakuwa nayo. Wakaja, wakasema. Kamati ikakiri kwamba zipo kasoro, kisha ikaandika kwamba dawa yake haimo mikononi mwa Bunge: mfanyakazi na mwenye kiwanda wapatane wenyewe.

Wapatane vipi, msichana wa miaka 17 na kampuni inayommiliki hadi mlango wa anakolala? Katika mgomo wa 1836, kodi ya mabweni ilipopandishwa, mtoto wa miaka 11, Harriet Hanson, aliwatangulia wenzake kutoka nje. Mama yake alikuwa mjane aliyetunza bweni. Baadaye akaachishwa kazi, akaambiwa kwamba wasichana wakubwa asingeweza kuwazuia, lakini mwanawe huyo angemweza.

New Hampshire ilipitisha sheria ya saa 10 mwaka 1847, ikaacha tundu: mfanyakazi akitia sahihi mkataba wa saa nyingi zaidi, basi. Nani asingetia sahihi? Massachusetts yenyewe ilifika huko mwaka 1874, tena kwa wanawake na watoto tu. Msichana aliyetia sahihi 1845 akiwa na miaka 17 alikuwa na 46.

Nisionekane nawapamba. Wagomaji wa 1836 waliimba njiani kwamba wao hawawezi kuwa watumwa, ilhali pamba waliyoishika kila siku ilichumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Mwaka 1848 Charles Sumner, mwanasiasa wa Massachusetts aliyepinga utumwa, aliwataja pamoja mabwana wa mashine za kufumia na mabwana wa mijeledi, kwamba wameshikana mikono. Walikuwapo pia waliokataa kuvaa pamba hiyo. Benjamin Lundy alifungua duka Baltimore mwaka 1826, na Levi Coffin akafungua lake Cincinnati mwaka 1847, wakiuza bidhaa zisizotoka kwa jasho la watumwa. Bei ilikuwa juu na nguo mara nyingi duni, kwa hiyo wateja wakawa wachache. Siku hizi nashona nguo za watu, na hilo halinishangazi. Mteja hukigusa kwanza kitambaa, kisha huuliza bei. Kimetoka wapi, mimi sijaulizwa hata mara moja.

Na jambo lililonifanya nishike kalamu ni kwamba nguo ile ilifika huku. Marekani na Sayyid Said walitiliana mkataba mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, akawa balozi mdogo Unguja. Huyu aliandika katika shajara yake kwamba utumwa unamchukiza, na biashara akaendelea nayo. Marobota ya nguo nzito isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts yalishushwa pwani, yakapandishwa vichwani mwa wapagazi wa Kinyamwezi hadi hapa Tabora. Yalipimwa kwa doti, mikono minane, yakalipia hongo, yaani ushuru wa kupita uliotozwa na watawala wa njiani, na pembe za ndovu. Watu wakaiita merikani. Bibi yangu alilitamka jina hilo mara nyingi hata mimi nikadhani ni mmea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza kule mwaka 1861 pamba ilikosekana, na merikani ikaadimika huku, nguo za Uingereza na za India zikachukua nafasi.

Ninachoomba ni kidogo. Toleo lijalo lisahihishe mwaka: sheria ya saa 10 ya Massachusetts ni ya 1874. Na kama mwandishi ana sehemu ya pili, jina la Sarah Bagley liandikwe. Mwaka 1846 alishaondoka mbele ya mashine, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza Marekani kuendesha simu ya maandishi, yaani telegrafu. Hiyo peke yake ni makala.

Mfumaji mstaafu,
Tabora